Mtoto wa mbuzi tumboni: siku 150 zinazoamua faida yako



Kila msimu minada ya korosho ikishaisha na malipo yakiingia kupitia AMCOS, vijana wengi wa huku kwetu wananunua mbuzi. Ni wazo zuri. Hela ya korosho ikikaa mfukoni inaisha, ikikaa kwenye mbuzi inazaa. Tatizo linakuja mwaka unaofuata. Unapita kwa kijana aliyenunua majike 10, unategemea ukute kundi la mbuzi 20 na kitu, unamkuta na 11. Ukiuliza unaambiwa: "Wamezaa vizuri tu, ila watoto hawakai." Mwingine anasema beberu ana mkosi. Mwingine anataka umwandikie dawa ya watoto.

Mimi swali langu la kwanza huwa siyo kuhusu watoto. Nauliza: mama yao alikuwa anakula nini mwezi mmoja na nusu kabla ya kuzaa? Mtoto wa mbuzi anayezaliwa dhaifu hakuharibikia bandani, aliharibikia tumboni. Siku unapomwona kwa macho, kazi kubwa ya kumtengeneza imeshaisha, na wewe kama hukushiriki kwenye kazi hiyo, dawa yoyote utakayonunua itakuwa ya kuchelewa. Kwa hiyo leo tujifunze anavyokua humo ndani, hatua kwa hatua, na kila hatua inakudai wewe mfugaji nini.

Hesabu ya siku

Mimba ya mbuzi inachukua wastani wa siku 150, yaani miezi mitano kasoro siku chache. Wengine wanazaa siku ya 146, wengine ya 154, hiyo ni kawaida. Kondoo ni kama siku 147. Nguruwe ni siku 114, wafugaji wanaikumbuka kwa kusema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Sungura ni siku 31. Ng'ombe ni kama siku 283, karibu sawa kabisa na binadamu.

Lakini hesabu hii haina maana kama hujui siku ya kuanzia. Mjamzito akifika kliniki, swali la mwanzo kabisa ni tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kwa sababu kila kitu kinapangwa kuanzia hapo. Kwa mbuzi, tarehe yako ni siku aliyopandwa. Jike anayehitaji dume anatikisa mkia, anapiga kelele, sehemu ya nyuma inakuwa nyekundu na yenye ute, na anakubali kupandwa. Hali hiyo inakaa siku moja hadi mbili. Andika tarehe kwenye daftari. Baada ya siku 21 mwangalie tena: akirudi kuhitaji dume, hajashika mimba. Asiporudi, kuna dalili nzuri kwamba ameshika, anza kuhesabu.

Mwezi wa kwanza: mgeni ambaye hajapata kiti

Yai na mbegu ya dume vinakutana kwenye mrija wa uzazi. Jinsia inaamuliwa hapo hapo, na anayeiamua ni mbegu ya dume, siyo jike. Kwa hiyo ukizaliwa madume watupu, usimuuze mama kwa hasira.

Baada ya siku nne au tano, mimba hiyo changa inashuka kwenye mji wa mimba. Usidhani inajishikiza mara moja. Inaelea. Kwa karibu wiki mbili haijashika popote, inaishi kwa majimaji yanayotolewa na kuta za mji wa mimba. Halafu kwenye siku ya 15 hadi 17 hivi inatoa kemikali ambayo kazi yake ni moja tu, kumwambia mwili wa mama: "Nipo." Ujumbe huo ukifika, mama harudi kwenye joto siku ya 21. Usipofika, mwili unadhani hakuna kitu, unaanza mzunguko mpya, na mimba inapotea. Wewe mfugaji hutaona hata tone la damu. Utasema tu "huyu hajashika."

Kitu gani kinaifanya ipotee? Njaa kali, joto kali, homa, na purukushani. Hapa ndipo nataka kusema na wale wanaonunua mbuzi Kilimarondo au Mandawa, wanafungwa miguu, wanapakiwa kwenye pikipiki, wanasafirishwa saa tatu juani. Kama jike alikuwa amepandwa wiki mbili zilizopita, umenunua mimba ukaimwaga njiani. Kwenye mwezi wa kwanza usisafirishe, usiswage mbuzi mwendo mrefu, usibadilishe chakula ghafla.

Na hili andika kwa wino mwekundu: dawa ya minyoo aina ya albendazoli usimpe jike kwenye mwezi wa kwanza wa mimba. Huo ndio wakati viungo vinagawanywa, hiki kitakuwa moyo, hiki uti wa mgongo, hiki mguu, na dawa hiyo inaweza kuvuruga mgawanyo huo mtoto akazaliwa na kilema. Kama unataka kutibu minyoo, tibu wiki mbili au tatu kabla ya kumwingiza dume. Kama jike ameshapandwa, muulize mtaalamu akutajie dawa nyingine.

Kufika siku ya 30 mtoto ni mdogo kama punje ya karanga. Moyo wake unadunda tayari, daktari wa mifugo mwenye ultrasaundi anaweza kuuona.

Mwezi wa pili na wa tatu: anajengewa mlango wa chakula

Kuanzia hapo mimba imeshashika. Kwenye kuta za mji wa mimba wa mbuzi kuna vifundo vingi, kama mia moja hivi, vimekaa kama vifungo vya shati. Kondo la nyuma linajishikiza kwenye vifundo hivyo. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki, zinapita jirani jirani, na kupitia hapo mtoto anapokea sukari, hewa na madini, anarudisha uchafu. Kila alichonacho mtoto kimepita hapo.

Kwenye siku ya 60 mtoto ana urefu wa sentimita 10 hivi, anaenea kwenye kiganja. Ana miguu minne, kwato laini zimeanza, na ukimwona unaweza kumtambua kama ni dume au jike. Siku ya 90 ameshakuwa mbuzi kamili wa umbo, lakini bado mwepesi: hajafika hata robo ya uzito atakaozaliwa nao.

Sasa, wafugaji wengi wanasema kwa kuwa mtoto ni mdogo, mama hana haja ya kuangaliwa. Nusu ni kweli. Mtoto mwenyewe anadai kidogo. Ila kinachokua kwa kasi miezi hii ni kondo la nyuma, na likifika siku ya 90 hivi limeshamaliza kukua. Mama akikondeana miezi hii, kondo linabaki dogo. Mwezi wa tano utamjazia pumba na mashudu, lakini utakuwa unapitisha gunia kwenye dirisha. Kwa hiyo miezi hii usimnenepeshe, ila usikubali apungue. Malisho mazuri, maji kila siku, chumvi yenye madini. Basi.

Kuna mambo mengine mawili ya kibiashara hapa. La kwanza, idadi ya nyuzi za misuli ya mbuzi inawekwa akiwa tumboni. Akishazaliwa, nyuzi zinanenepa na kurefuka, ila haziongezeki. Maana yake nyama utakayomuuzia mtu wa bucha imeanza kuhesabiwa kabla mbuzi hajazaliwa. La pili, mtoto jike anazaliwa na mayai yake yote yakiwa yameshaumbwa. Ukimlisha jike mwenye mimba ya mtoto jike, umelisha vizazi viwili.

Siku 50 za mwisho: hapa ndipo hela ilipo

Mtoto wa mbuzi wetu wa asili anazaliwa na kilo 2 hivi. Siku ya 100 ya mimba bado ana kama nusu kilo tu. Yaani asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake anaupata ndani ya siku 50 za mwisho. Soma tena sentensi hiyo.

Na siku hizo hizo mambo mengine yanatokea. Manyoya yanafunika mwili. Mifupa inakomaa. Chini ya ngozi na kuzunguka figo anawekewa mafuta maalumu ya rangi ya kahawia, hayo ni kama kuni za kuwashia moto usiku wa kwanza akiwa nje, kabla hajashiba maziwa. Kiwele cha mama kinajengwa na maziwa ya mwanzo yanaandaliwa. Mama aliyekonda hatoi mafuta ya akiba, hatoi kiwele. Mtoto anazaliwa, anatetemeka, hana nguvu ya kusimama kunyonya, na hata akisimama hakuna kitu. Asubuhi unamkuta amekauka. Halafu tunasema "baridi imemuua."

Tatizo ni kwamba wakati mahitaji yanapanda, tumbo la mama linabanwa. Mji wa mimba unachukua nafasi, hasa akiwa na mapacha, chakula kinachoingia kinapungua. Kwa jike mwenye mapacha mahitaji ya nguvu yanakaribia mara mbili ya kawaida, na majani makavu hayawezi kumtosheleza hata ale kutwa nzima. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa haraka, sumu inazidi kwenye damu, anaacha kula, anajitenga, anasaga meno, analala hainuki. Ugonjwa huu unaua mama na watoto kwa pamoja, na unawapata waliokonda sana na vilevile walionenepa kupita kiasi. Ukiona dalili hizo, mpe maji ya glukosi au molasi kwa mdomo na umwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Kinga yake ni chakula kizito kidogo kila siku. Kwa mbuzi wetu, gramu 200 hadi 300 kwa siku kuanzia siku ya 100. Tuchukue gramu 250. Majike 10 ni kilo 2.5 kwa siku, mara siku 50 ni kilo 125. Hiyo ni mifuko miwili na kidogo ya chakula kwa kundi zima. Linganisha na bei ya mtoto mmoja tu anayekufa.

Mchanganyiko rahisi: ndoo 7 za pumba za mahindi, ndoo 3 za mashudu ya ufuta au ya alizeti. Ufuta tunaulima wenyewe, mashudu yake ni ya kutafuta kwa bidii. Weka na chumvi. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa sababu jike akikosa madini joto anaweza kuzaa watoto dhaifu, wasio na manyoya, wenye uvimbe shingoni. Kwa sababu hiyo hiyo usimfanye mjamzito aishi kwa maganda na majani ya muhogo peke yake: muhogo una sumu inayozuia madini hayo yasifanye kazi. Ukimpa, yakaushe kwanza juani na yawe sehemu ndogo ya chakula.

Utajuaje kama mama yuko sawa? Usimwangalie kwa macho, manyoya na tumbo vinadanganya. Papasa mgongo nyuma ya mbavu. Mifupa ikichoma vidole kama meno ya msumeno, amekonda. Ukiipata kwa kubonyeza kidogo, yuko vizuri. Usipoipata kabisa, amenenepa mno.

Anayeamua siku ya kuzaa ni mtoto

Hili watu wengi hawalijui. Mama hachagui siku ya kuzaa. Mtoto akikomaa, tezi zilizo juu ya figo zake zinatoa homoni iitwayo kotisoli kwa wingi. Homoni hiyo ndiyo inayowasha mtambo wa uchungu, na ndiyo hiyo hiyo inayokamilisha mapafu. Ndani ya mapafu kunakuwa na utelezi fulani unaozuia vifuko vya hewa visinate vikijifunga. Utelezi huo unakuwa tayari mwishoni kabisa. Ndiyo maana mtoto anayetoka wiki mbili kabla ya wakati anaweza kuwa na kwato, manyoya na macho mazuri, halafu akashindwa kupumua.

Elimu hii imetoka zizini ikaingia hospitali. Daktari wa New Zealand, Graham Liggins, alikuwa akichunguza kondoo kutafuta kinachoanzisha uchungu. Mwaka 1969 aliandika kwamba wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupewa dawa ya jamii ya kotisoli walikuwa wanapumua kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakatoa matokeo ya kuwapa dawa ya aina hiyo akina mama waliokuwa hatarini kujifungua watoto njiti. Leo sindano hiyo inatumika duniani kote, na hapa kwetu pia. Watoto wengi wa binadamu wanapumua kwa sababu ya kondoo.

Kwako wewe mfugaji, somo ni hili: sindano za jamii hiyo, kama deksamethasoni, zinaweza kumwanzishia jike uchungu kabla ya siku. Na mbuzi ana udhaifu mwingine. Yai likitoka, kwenye ovari kunabaki kijiuvimbe cha manjano kinachotoa homoni ya kulinda mimba. Kwa kondoo, baada ya muda kondo la nyuma linapokea kazi hiyo. Kwa mbuzi hapana, kijiuvimbe hicho kinabeba mimba mpaka siku ya mwisho. Sindano ya prostaglandini, ile ya kuleta joto, inakivunja, na mimba inatoka ikiwa ya mwezi mmoja au ya minne. Kwa hiyo mtu yeyote akija na sindano, sentensi yako ya kwanza iwe: "Huyu ana mimba ya siku kadhaa."

Kinga haivuki tumboni

Mtoto wa binadamu anapokea sehemu ya kinga ya mama yake kupitia kondo la nyuma. Mtoto wa mbuzi hapokei. Kondo la mbuzi ni nene kwa askari hao kupita, kwa hiyo anazaliwa bila ulinzi. Ulinzi wote uko kwenye maziwa ya mwanzo, dang'a, na utumbo wake unaruhusu kinga hiyo kuingia kwenye damu kwa muda wa siku moja tu, na kila saa inayopita mlango unazidi kufungwa. Anyonye ndani ya saa moja au mbili. Ndani ya saa 24 apate kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake: mtoto wa kilo 2 ni mililita 200, glasi ndogo. Wanaosema dang'a ni chafu, wanaimwaga chini, wanamwaga chanjo.

Na kwa kuwa kinga inapitia kwenye dang'a, ongea na mtaalamu wako kuhusu chanjo za kumpa mama wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, kama ile ya pepopunda. Hapo unachanja mama na watoto kwa sindano moja.

Kalenda yetu ya Nachingwea na Ruangwa

Sasa tuweke elimu hii kwenye ardhi yetu. Huku Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Wengi wetu tunaacha beberu akae na majike mwaka mzima, kwa hiyo wanazaa anapotaka beberu.

Chukua jike aliyepandwa tarehe 20 Juni. Anazaa kama tarehe 17 Novemba. Siku zake 50 za mwisho ni kuanzia mwisho wa Septemba. Unaijua Septemba na Oktoba ya hapa: nyasi zimeungua, maji yako mbali, wewe mwenyewe uko bize na kuokota korosho. Mtoto anahitaji kupata kilo moja na nusu kwenye mwezi ambao mama hapati hata kilo moja ya majani ya kueleweka.

Chukua mwingine aliyepandwa tarehe 15 Novemba. Anazaa kama tarehe 14 Aprili. Siku zake 50 za mwisho zinaanzia wiki ya mwisho ya Februari, kila kitu kijani. Ananyonyesha Mei na Juni, wakati majani bado yapo na mavuno yanaingia. Watoto wanakua kipindi kikavu ambacho minyoo na vichomi ni vichache. Wakifika Desemba wana miezi minane, hela ya korosho iko mitaani na Krismasi na mwaka mpya vinakuja. Umeona tofauti? Mbuzi ni yule yule, beberu ni yule yule, kilichobadilika ni tarehe.

Mwaka 1947 Waingereza walianza ule Mpango wa Karanga, Nachingwea, Kongwa na Urambo. Walikuja na matrekta na hela nyingi, mwaka 1951 ukafungwa. Moja ya sababu ni kwamba hawakuusoma udongo na mvua za mahali. Sisi tuliozaliwa hapa hatuna kisingizio hicho.

Kijana mmoja wa upande wa Ruponda tulifanya naye zoezi hili. Alikuwa na majike 12, watoto wengi wanazaliwa mwezi wa 10 na wa 11, na wengi wanakufa wiki ya kwanza. Hatukununua mbuzi wapya wala dawa mpya. Alimtenga beberu kwenye banda lake, akamwingiza katikati ya Novemba, akamtoa baada ya wiki sita, muda wa mizunguko miwili. Watoto wakazaliwa Aprili na Mei, karibu kwa pamoja, akakesha nao siku chache badala ya kukimbizana mwaka mzima. Desemba aliuza madume ya umri mmoja kwa mnunuzi mmoja. Mnunuzi anapenda hivyo.

Aprili ina tope, kwa hiyo banda liwe la kichanja, lililoinuka, paa lisivuje. Wiki mbili tatu kabla ya kumwingiza beberu, mpe jike chakula cha ziada ili atoe mayai mengi. Wakati huo mabibo yapo, mpe kiasi, siyo lundo lililochacha. Masalia ya mbaazi baada ya kupura yahifadhi juu ya kichanja, usichome, ni chakula cha kiangazi. Majike yenye mimba yasiingie kwenye mikorosho siku zinapopulizwa salfa na viuatilifu vingine. Na jike kijana asipandwe kabla hajafika theluthi mbili ya uzito wa mama mzima, vinginevyo yeye na mtoto watagombania sahani moja.

Mimba ikitoka

Mimba moja ikitoka kwenye kundi inaweza kuwa kupigwa pembe au kuanguka. Zikitoka mbili tatu mfululizo, huo ni ugonjwa mpaka ithibitike vingine. Inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, inaweza kuwa ugonjwa wa kutupa mimba, inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa ambayo mwaka 2007 iliua mifugo na watu nchini kwetu. Toa taarifa kwa afisa mifugo haraka. Aliyetupa mtenge. Mtoto aliyetoka na kondo la nyuma usishike kwa mikono mitupu, usiwape mbwa. Chimba shimo refu, choma au fukia, nawa kwa sabuni. Maziwa yachemshwe.

Na hili ni la nyumbani. Baadhi ya magonjwa haya yanaweza kuharibu mimba ya binadamu pia. Kama mke wako, dada yako au mfanyakazi wako ni mjamzito, asizalishe mbuzi, asishike kondo la nyuma, asifanye usafi banda walikozalia. Kazi hiyo ifanye wewe, ukiwa umevaa glavu. Faida ya mbuzi haitafutwi kwa mtoto wa mtu. Mjamzito aliyeshika mabaki hayo akipata homa, awahi kituo cha afya na aseme kwamba anafuga mbuzi.

Kazi ya wiki hii

Nunua daftari. Chora safu nne: jina au namba ya jike, tarehe aliyopandwa, siku ya 100, siku ya 150. Papasa mgongo wa kila jike uandike yuko vipi. Kama beberu wako anakaa na majike, anza kumjengea banda lake. Halafu piga hesabu ya pumba na mashudu ya siku 50 kwa idadi ya majike wako, uitenge hela hiyo kabla msimu haujaimaliza.

Kwenye somo lijalo tutazungumzia mtoto kuanzia anapozaliwa mpaka anapoachishwa maziwa. Kazi njema.